Tamthilia Niliyomrekebishia Mama

Kwa miaka mingi nimekuwa mtu wa kulalamikia televisheni. Nilisoma fasihi chuo kikuu, na elimu hiyo iliniachia kilema kimoja cha kudumu: kushindwa kufurahia kitu ambacho majirani zangu wote wanakifurahia. Nikimwona mwanamke wa kwenye tamthilia anaamka asubuhi na wanja wake machoni, nakasirika. Mtu akipoteza kumbukumbu kwa kugongwa na gari, kisha akazirudisha kwa kuanguka ngazini, natoka sebuleni. Niliwahi kuandika makala ndefu gazetini nikisema kwamba hadithi isiyoaminika ni dharau kwa anayeitazama. Niliipenda sana sentensi hiyo. Nadhani ni mhariri peke yake aliyeisoma, na hata yeye sina hakika.

Mama alikuja kuishi nami Tororo macho yake yalipoanza kufifia. Ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, na upasuaji anauogopa. Anaona mwanga, anaona rangi, anajua kama kuna mtu mlangoni, lakini hajui ni nani mpaka aseme. Baba, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa Msamia. Mama ni Mpadhola wa Kisoko. Walikutana soko la Busia, yeye akiuza samaki na mama akiuza ufuta, wakatulea kwa Kiswahili cha soko hilohilo. Kiingereza cha mama ni cha kusalimia na kukataa kununua. Kwa hiyo, tamthilia ya saa moja jioni ilipoanza, ile iliyotoka nchi ya mbali na kupachikwa sauti za Kiingereza zisizolingana na midomo, mtu wa kumtafsiria alikuwa mmoja tu. Mke wangu hurudi kutoka dukani baadaye, na watoto wako shule za bweni. Nikabaki mimi, adui wa tamthilia zote, nikikaa kila jioni kwenye kiti cha pembeni nikieleza nani amempenda nani.

Wiki ya kwanza nilitafsiri kwa uaminifu kabisa. Kisha akafa yule mzee tajiri, mwenye lile jumba lenye ngazi mbili.

"Wamezika?" mama akauliza.

"Wamezika."

"Leo leo?"

"Leo leo."

"Nani alichimba kaburi?"

"Hawajaonyesha, mama."

"Watu walikula nini?"

"Hawajaonyesha."

"Hata sufuria moja? Mzee na mali yote hiyo, na watu nakwenda nyumbani na njaa?" Akavuta leso yake mabegani. "Hii si watu, baba. Hii ni picha ya ukuta."

Nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa nimetafuta miaka yote mtu wa kuudhika pamoja nami, kumbe ndiye aliyenizaa. Na kwa kuwa nilifurahi, nikataka kumfurahisha naye. Jioni iliyofuata mjane wa yule mzee alisimama dirishani kwa muda mrefu, muziki ukilia, hasemi kitu.

"Anafanya nini huyu?" mama akauliza.

"Anawatazama wanawake wanaosonga ugali kule nyuma," nikasema.

"Kumbe wako?"

"Wako. Na maharage yako jikoni."

"Ah." Akaegemea kiti. "Sasa ndiyo."

Ilianza hivyo. Daktari ambaye hakuonekana hospitalini hata siku moja, nilimpeleka zamu. Msichana maskini aliyeolewa na kijana tajiri ndani ya siku mbili, nilimwekea wajomba waliokaa na wazee wa upande wa pili mpaka wakakubaliana ng'ombe. Kulikuwa na mtu aliyekufa ajalini, akazikwa, kisha akarudi akiwa na ndevu. Huyo nilimkataa kabisa. Nilimwambia mama kwamba ni mdogo wake marehemu, wanafanana. Akanitesa huyo mtu wiki nzima, kwa sababu kila aliyekutana naye alipiga yowe na kuangusha sahani, nami ikabidi nieleze kwamba huyo mdogo mtu alikuwa na sifa mbaya tangu ujana.

Mama aliipenda tamthilia yangu. Wenzake wa kanisani wakija Jumapili aliwasimulia, nao walitikisa vichwa kwa masikitiko ya kweli. "Hao wazungu wanaishi kama sisi tu," mmoja wao alisema. Nilikuwa jikoni nikichemsha chai kwa fahari ya mtu aliyeshinda tuzo.

Sasa kuna mama mdogo.

Mama ana mdogo wake mmoja tu aliyebaki hai. Ameolewa Busia, lakini Busia ya Kenya, nyumba yake si mbali na kituo cha mpakani. Walikuwa wakipendana mpaka walipomzika mama yao, bibi yangu, kule Kisoko. Siku ya pili ya matanga, moto wa msiba ukiwa bado unawaka uani na ndugu wamelala nje kuuzunguka, mama mdogo alichukua mkoba wake akaondoka. Alisema amepigiwa simu, nyuki wamevamia nyumba yake na watu hawawezi kuingia.

"Nyuki," mama alisema, mbele ya ukoo mzima. "Mama yetu ameingia kwa udongo jana, na huyu naniambia nyuki."

Mama mdogo alikwenda zake, na tangu hapo hawajasalimiana. Mimi nilikuwepo, na kama mtaalamu nilitoa maoni yangu: nilimwambia mama kwamba katika hadithi yoyote ya maana sababu kama hiyo ingefutwa. Baadaye nilipata habari kutoka kwa binamu yangu kwamba nyuki walikuwepo kweli, na mbuzi wawili walikufa. Nilimwambia mama. Akasema binamu yangu ni mtoto wa huyohuyo, atasema nini.

Mambo yalikaa hivyo mpaka tamthilia ilipowaleta madada wawili. Sijui walitokea wapi. Tamthilia hizi hutoa ndugu kama mti utoavyo majani. Mkubwa alikuwa amemfukuza mdogo nyumbani zamani kwa kosa lisiloeleweka, na sasa mdogo amerudi mjini, anakaa hotelini, anapita mbele ya lango na gari refu bila kuingia. Mama aliacha kuuliza habari za wengine. Yule mjane, yule mwenye ndevu, wote hakuwataka tena. "Wale wawili leo wako?" alikuwa akiuliza hata kabla sijakaa.

Jioni moja aliniuliza, macho yake yakiwa upande wa televisheni, "Mama yako mdogo bado nauza mihogo?"

"Bado, nafikiri."

"Miguu yake ilikuwa nauma."

"Sijasikia, mama."

"Tuone hawa watafanya nini," akasema.

Siku chache baadaye nilimkuta uani amekaa juu ya kigoda akikaanga ufuta. Kwa macho yale, kwa kunusa tu, hakuunguza hata punje. Aliusaga, akaujaza kwenye kopo la maziwa ya unga, akafunga mfuniko kwa kitambaa. Mke wangu aliuliza ni wa nini. Mama akasema ni wa safari, huenda. Mama yangu hana safari, isipokuwa ile ya kwa mdogo wake. Sote wawili tulijua hivyo, mke wangu na mimi, na hatukusema neno tusije tukaiharibu.

Kwa hiyo siwezi kudai kwamba sikujua. Nimejaribu kudai hivyo, na najua jinsi dai lenyewe lisivyoshika.

Ijumaa ikafika ile sehemu. Dada mdogo anapita langoni na gari lake refu, mvua inanyesha, anashuka. Dada mkubwa anatoka mlangoni na viatu vyake virefu, anashuka ngazi zote mbili. Wanatazamana. Muziki. Hakuna anayeomba msamaha, hakuna anayetaja kosa, hakuna mzee aliyeitwa, hakuna aliyekasirika hata kidogo. Wanakimbiliana matopeni na kukumbatiana, na mvua inakatika hapohapo kama bomba lililofungwa.

Nilihisi damu ikinipanda kichwani. Miaka yote ile ya chuki, na mwandishi ameimaliza kwa dakika moja kwa sababu ameishiwa na karatasi! Nilikuwa mhakiki kuanzia unyayo mpaka utosi.

"Hawa rangi mbili wamekaribiana," mama akasema. Alikuwa amejivuta mbele mpaka ukingoni mwa kiti. "Ile nyekundu na ile nyeupe. Wanafanya nini?"

"Wanasukumana," nikasema.

"Wanasukumana?"

"Mdogo amekuja kuomba radhi, mkubwa amekataa. Anamwambia msiba hausahauliki. Sasa mdogo anarudi kwenye gari."

Ilikuwa sehemu nzuri. Nasema hivyo kwa aibu, lakini ilikuwa nzuri. Nilimpa yule dada mkubwa maneno machache, mazito, na nikamwacha mdogo aondoke bila kugeuka. Ndivyo watu walivyo, nilijiambia. Matangazo ya sabuni yakaanza.

"Basi," akasema. "Kama hata hawa, na nyumba kubwa namna hii, wameshindwa." Akaomba nimshike mkono aende kulala, na kula hakula.

Asubuhi jirani yetu alikuja kuazima kamba, akaondoka na kopo la ufuta. Mama ndiye aliyempa. Niliona kile kitambaa kikipita kando ya ukuta na sikumwita jirani arudi. Nilijiambia nitazungumza na mama baadaye. Nilikuwa na makala ya kumaliza.

Jumatatu nikapigiwa simu na mama mdogo. Alikuwa hajanipigia tangu msiba. Sauti yake ilikuwa ya upole uliopimwa, ule wanaoutumia wafanyabiashara wa Busia kwa mtu ambaye hawatamuuzia tena.

"Nisaidie jambo moja, msomi. Huko kwenu mnatazama ile soap ya madada?"

Nikasema tunatazama.

"Na mama yako huwa anatazama?"

"Namtafsiria."

"Sisi huku tunaiona kwa Kiswahili. Ijumaa nililia mpaka mume wangu akanicheka. Nikasema, dada yangu naye ameona hii, na dada yangu si jiwe. Kama ameona hii, Jumapili atakuja. Hatatuma salamu, atakuja tu, kama yule. Nilichinja kuku. Sasa nilitaka tu kujua kama aliona na hakutaka, ama hakuona."

Nilikuwa nimesimama karibu na friji. Nakumbuka ilikuwa ikinguruma.

"Aliona," nikasema. "Lakini..."

"Basi imetosha. Msalimie." Akakata. Nilipompigia tena, hakupokea.

Nimewahi kufundisha wanafunzi kwamba mtazamaji hana ujinga, anajua kwamba hadithi ni hadithi. Niliandika ubaoni kabisa. Na hapa mpakani, kwa jioni ile moja, wanawake wawili wazee walikuwa wamekubaliana bila kusema kwamba watafanya watakachofanya wale wa kwenye kioo, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Walihitaji mtu wa tatu, na wakapewa wawili wasiolingana, mmoja huku na mwingine kule.

Nilimkuta mama barazani akichambua mchele kwa vidole. Nikakaa chini mkekani, jambo ambalo sifanyi mara nyingi kwa sababu ya magoti, na nadhani alijua hapo kwamba kuna shida.

"Mama, Ijumaa sikukueleza vizuri. Wale madada hawakusukumana. Walikumbatiana."

Vidole vyake viliendelea kufanya kazi. "Mkubwa alisema nini?"

"Hakusema kitu."

"Na mdogo?"

"Hata yeye."

"Hakuna mtu alitaja ile maneno ya zamani?"

"Hakuna."

"Wamekimbia tu na wakashikana. Kwa mvua."

"Ndiyo, mama."

Akacheka, si kwa ubaya. "Baba, nakujua tangu hujaota meno. Umeongea na mama yako mdogo, sasa wewe nataka mimi niende huko, ndiyo nabadilisha picha."

"Ni kweli, mama. Naapa."

"Ile ya kwanza ilikuwa kweli. Ile nilisikia kabisa kwa roho. Hii ya leo ni ya watoto." Akapuliza makapi. "Kwanza mvua haikatiki namna hiyo."

Nikamweleza basi yote. Wanawake wa ugali hawakuwepo, maharage hayakuwepo, wajomba sikuwaona popote, na yule mwenye ndevu ndiye marehemu mwenyewe, amefufuka. Kadiri nilivyosema ukweli, ndivyo uso wake ulivyozidi kunihurumia. Nilipofika kwa aliyefufuka alinyoosha mkono akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Nikamwambia kuhusu simu. Nikamwambia kuhusu kuku. Hapo hakucheka.

"Alichinja?"

"Ndivyo alivyosema."

"Wewe ndiye unasema alisema." Akaisukuma sinia ya mchele. "Mimi sasa nitajuaje?"

Nilifikiri sana siku mbili zilizofuata, kisha nikakumbuka kwamba Jumamosi alasiri hurudia sehemu za wiki iliyotangulia, na kwamba kwa Kiswahili zinaonekana upande wa pili wa mpaka tu. Nilimwambia mama kwamba anaweza kwenda kusikiliza mwenyewe, na nyumba ninayoijua huko yenye televisheni ni moja. Alikaa na wazo hilo kutwa nzima kama mtu aliyepewa nguo asiyoiomba.

"Nitakwenda kukushika uongo," akasema mwishowe. "Hiyo tu."

Gari langu tuliliacha Busia yetu, tukavuka kwa miguu, mama ameshika kiwiko changu, malori yamejipanga upande mmoja na vijana wa bodaboda wanatuita upande mwingine. Ofisa wa uhamiaji alitazama kitambulisho cha mama, akauliza anakwenda kufanya nini Kenya. "Kutazama picha," mama akasema. Ofisa akatazama macho yake, akanitazama mimi, akagonga muhuri.

Mama mdogo alikuwa uani anageuza mihogo juani. Alituona tangu barabarani, hakuinuka. Tulipofika karibu alisema, "Karibuni, wageni," na neno hilo la mwisho alilitamka vizuri sana.

"Nimekuja kuona picha," mama akasema kuelekea sauti.

"Kwenu hakuna televisheni?"

"Iko. Shida ni mkalimani."

"Mkalimani gani?"

"Si ndiye huyu hapa. Aliniambia wale wawili wanasukumana."

Mama mdogo alisimama na kipande cha muhogo mkononi. Alinitazama kwa muda mrefu. Nimewahi kutazamwa na maprofesa wakati wa kutetea tasnifu, haikuwa hivi.

"Wanasukumana," akarudia.

"Nilidhani..." nikaanza.

"Ingieni ndani. Inaanza sasa hivi."

Walikaa kwenye sofa moja, mkoba wa mama katikati. Nami nikabaki mlangoni. Kwa Kiswahili sauti zilikuwa za vijana wanaosoma haraka, na yule dada mkubwa alisikika kama mtangazaji wa mpira. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa. Gari likafika, mvua ikanyesha, mlango ukafunguliwa. "Dada!" akasema mmoja. "Mdogo wangu!" akasema mwingine. Muziki. Basi.

"Imeisha?" mama akauliza.

"Imeisha," mama mdogo akasema.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

"Na wewe hii ndiyo ulililia?"

"Nililia, dada."

"Hawa ni waongo sana," mama akasema.

"Sana. Miaka yote hiyo, na hata chai hakuna aliyeuliza."

"Mimi nilifikiri ya kweli ni ile ya kwangu."

"Ya kwako ilikuwaje?"

Mama akamsimulia tamthilia yangu. Aliisimulia vizuri kuliko mimi, pamoja na maneno machache, mazito, na mdogo anayeondoka bila kugeuka. Mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho, na niliona kwamba alikuwa akiamini. Kisha akageukia mlangoni.

"Wewe toka nje ulinde mihogo, kuku wasiile."

Nililinda mihogo. Ndani walihamia lugha yao, Kidhopadhola, ambacho mimi nakijua vya kutosha kuomba maji. Kwanza sauti zilikuwa chini, halafu zikapanda, halafu moja ikapanda peke yake kwa muda mrefu, na kitu kikapigwa kwa kiganja, labda meza. Mara mbili niliinuka nikidhani niingie. Jua liliposhuka mlango ulifunguliwa na mama akasema kutoka ndani nisimsubiri, atalala, na kesho nije mchana si asubuhi. Macho yake yalikuwa yamevimba. Sikuweza kujua kama wamepatana au wanaanza tu.

Mama mdogo alinisindikiza mpaka njiani. Alitembea kwa kuchechemea. Miguu ilikuwa inauma kweli.

"Jumapili ile niliwaambia majirani na wakwe zangu kwamba dada yangu anakuja," alisema. "Niliazima viti. Jioni wakaniuliza mgeni yuko wapi, nikawaambia ameugua ghafla, amelazwa. Waliniombea, watu wazima wamepiga magoti. Sasa leo wamemwona anapita hapa na miguu yake."

"Mama mdogo, unaweza kuwaambia kwamba daktari..."

Aliinua mkono.

"Hapana, mwanangu. Wewe usinitungie."

Akageuka akarudi uani. Majirani wawili walikuwa wamesimama kwenye uzio wakimngoja, na nilipokuwa nikienda nilisikia mmoja akimuuliza kama mgonjwa amepona.